Jinsi ya kumtambua mnyama wa hadithi kwenye hariri ya kale ya Kihindi: mwongozo kamili wa fundi

Mi ni fundi cherehani na kazi yangu kubwa ni sari. Nashona ule utepe wa ndani ya pindo ili sari ikae vizuri chini, narudishia taraza zilizoachia, naziba vitundu. Sasa hapa mtaani kuna bibi mmoja wa Kigujarati, sote tunamwita Ba, yani bibi kwa lugha yao, siku moja kaniletea patola, ile sari ya hariri ya kwao Gujarat, ya mama yake mzazi, imekunjwa ndani ya shuka jeupe kama mtoto mchanga. Nikaikunjua, nikaona tembo wamepangana, nikaropoka, "Ba, huyu si ndo yule mungu wenu mwenye kichwa cha tembo?" Ba akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mwanangu, huyo tembo tu. Angekuwa na tumbo la mtu na mikono minne ndo ungeniuliza."

Nikaona aibu, ila toka siku hiyo nikaanza kufuatilia, kila sari ya zamani ikipita mezani nauliza, naingia kwenye tovuti za makumbusho usiku, najaza madaftari. Nilichojifunza ni hiki: wengi tunakosea kwa sababu tunakimbilia kichwa. Ukiona kichwa cha simba unasema simba, ukiona vichwa viwili unasema jini. Na nusu ya maajabu unayoyaona hayatoki kwenye hadithi kabisa, yanatoka kwenye mtambo wa kufumia. Kwahiyo hapa chini naanza na uzi, mnyama atafuata baadaye, we vumilia.

Vifaa kwanza

Simu yenye kamera inayoeleweka, kioo cha kukuza kama kile cha fundi saa, daftari la hesabu lenye miraba, penseli. Usitumie peni ya wino karibu na hariri ya zamani, ikiteleza umekwisha. Nawa mikono, ikaushe kabisa, vua pete na bangili na saa, uzi wa hariri unanasa hata kwenye ukucha uliovunjika. Meza iwe safi na karibu na dirisha lakini jua lisiipige nguo moja kwa moja. Flashi ya simu zima, inafanya zari, ule uzi wa dhahabu, ing'ae mpaka mchoro wote unapotea.

Hatua ya 1: geuza nguo uone mgongo wake

Kabla hujamtazama mnyama, jua kafikaje pale. Nyuzi za urefu zinaitwa mtande, za kwenda upana ni mshindio, na mnyama anaingia kwa njia mojawapo katika hizi nitakazozitaja.

Njia ya kwanza ni patola, ya mji wa Patan kule Gujarat. Hapa mtande na mshindio vyote vinafungwafungwa na kutiwa rangi kabla hata ya kufuma, fundo kwa fundo, rangi kwa rangi, afu wakati wa kufuma mfumaji anahakikisha doa la mtande limekutana na doa la mshindio palepale linapotakiwa. Sari moja inakula miezi na miezi na watu kadhaa. Ukoo wa Salvi ndo ulioshika hii kazi Patan mpaka leo. Ukigeuza patola mbele na nyuma ni sawasawa, huwezi kujua ipi ni ipi, na kingo za mchoro zina ukungu kidogo kama picha iliyotikisika. Wagujarati wana msemo kwamba mchoro wa patola unachanika ila haufifii, na ya Ba ni ushahidi, kitambaa kimeanza kuachia lakini ule wekundu uko vilevile.

Njia ya pili ni mchoro wa kufumwa kwa nyuzi za ziada, hariri za rangi au zari, kama za miji ya Banaras, Kanchipuram na Baluchar. Geuza nyuma, utaona nyuzi zinarukaruka, zingine zimekatwa zinaning'inia. Mnyama wa mbele ni mzuri, wa nyuma kama amelala chali kwenye matope. Ya tatu ni tarizi, sindano na uzi juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa, na hii fundi yeyote anaijua kwa kidole.

Kwanini nakusumbua na haya? Kwa sababu patola haiwezi kuchora mviringo. Kila mstari uliopinda unakuwa ngazi, kama pikseli za simu za zamani za kitochi. Mkonga wa tembo unatoka na meno meno pembeni, mgongo wa simba unatoka na vidato, na mtu asiyejua anasema "huyu ana magamba, huyu joka". Hana magamba. Ni hesabu ya nyuzi tu. Kwenye tarizi sindano inaenda inapotaka, kwahiyo ukikuta magamba kwenye tarizi, basi aliyeyaweka aliyataka.

Hatua ya 2: angalia mnyama kakaa wapi

Sari au shuka ina mwili, ina pindo za pembeni na ina ncha, ile sehemu inayoning'inia begani au mgongoni. Pindo ni foleni, wanyama wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine, tembo, bata, kasuku, tausi, bata tena. Foleni za hivi mara nyingi ni mapambo ya heri tu. Ncha ndo ukumbi wa maonyesho, mafundi wengi wa zamani waliweka makubwa yao hapo.

Zungusha picha kwenye simu mara nne, kila upande uwe juu mara moja. Siyo utani. Nguo inafumwa mlalo mmoja na kuvaliwa mlalo mwingine, kuna wanyama nimewatazama wiki nzima nikiwa nimewalaza ubavu, nimeandika "nyoka mwenye pembe" kumbe ni shingo ya tausi na kishungi chake.

Hatua ya 3: hesabu viungo, usitaje jina bado

Hii ndo roho ya mwongozo wote. Chukua daftari, andika: vichwa vingapi, pua ya aina gani, mabawa yapo, miguu mingapi na kila mguu wa nani, mkia wa nani, kashika nini, kapanda nini au kapandwa na nani. Ukimaliza ndo uanze kulinganisha na hawa nitakaowaeleza.

Mwili wa simba, macho yametoka, na puani kuna mkonga au pembe za tembo? Huyo ni yali, wengine wanamwita vyala. Ni mnyama wa kusini, Tamil Nadu na jirani zake, ukienda mahekalu ya Madurai, Srirangam au Hampi utamkuta kasimama kwa miguu ya nyuma kwenye nguzo za mawe, mlinzi. Wafumaji wa hariri wa Kanchipuram wanaishi katikati ya mahekalu, kwahiyo nguzo ikaingia kwenye sari, na ndo maana mpaka leo mapindo ya Kanchipuram yana yali, yana tausi, yana bata. Ukikosa mkonga na pembe, na hajakaa kiajabu, mwache awe simba. Na ukimkuta simba kamkalia tembo aliyelala, hao ni wawili na siyo mmoja, wanaitwa gajasimha, utawaona sana jimbo la Odisha.

Bata bukini mwenye shingo ndefu na mkia uliojikunja kama moshi wa ubani ni hamsa, na usiichanganye na hamsa ya hamsa ishirini. Ni kipando cha mungu Brahma na cha mungu wa kike Saraswati, na inasemekana ukimpa maziwa yaliyochanganywa na maji anakunywa maziwa na kuyaacha maji. Huyu ni wa zamani mno kwenye nguo, kwenye michoro ya ukutani ya mapango ya Ajanta, karne ya 5, kuna nguo imechorwa na bata hao. Tatizo lake ni kwamba anafanana na tausi, kasuku na bata wa kawaida wote kwa pamoja. Angalia mdomo: bapa ni hamsa, uliopinda ni kasuku. Kishungi kichwani ni tausi.

Mwili wa samaki au mamba, pua ya mkonga, mkia wa majani majani? Makara. Anabeba Ganga mungu wa mto na Varuna wa maji, na kwenye nyota zao anakaa pale ambapo sisi tunaweka Jadi.

Mtu mwenye mabawa na pua ya mdomo wa ndege ni Garuda, kipando cha mungu Vishnu, adui wa nyoka, mara nyingi kawashika au kawakanyaga. Mwanamke kiunoni juu na ndege chini ni kinnari. Nyoka mwenye vichwa vingi vilivyotanuka kama mwavuli ni naga, na vichwa hivyo mara nyingi ni idadi witiri, 3, 5, 7, kwahiyo ukihesabu 4 hesabu tena.

Halafu kuna huyu nimpendaye kuliko wote, nabagunjara. Ni wa Odisha, mashariki, na kaungwa kwa viumbe tisa. Kichwa cha jogoo, shingo ya tausi, nundu ya ng'ombe dume, kiuno cha simba, mkia ni nyoka, mguu mmoja wa tembo, mmoja wa chui milia, mmoja wa swala au farasi kutegemea na mchoraji, na wa nne siyo mguu, ni mkono wa binadamu umeshika ua la yungiyungi. Hadithi yake iko kwenye Mahabharata, utenzi mrefu wa vita wa Wahindi, ile ya Kiodia ya mshairi Sarala Das, karne ya 15. Arjuna, shujaa wa utenzi huo, yuko mlimani peke yake, anatokewa na hili dude, anavuta upinde aliue, afu jicho linaangukia ule mkono na ua. Anaelewa huyu ni Vishnu, anatupa upinde, anasujudu. Wafumaji wa Nuapatna, hukohuko Odisha, wamemuweka kwenye hariri zao za khandua, ambazo zinafumwa kwa nyuzi zilizofungwa na kutiwa rangi kama ndugu wa mbali wa patola, na khandua ndo nguo anayovalishwa mungu Jagannath kwenye hekalu la Puri. Kwahiyo ukikutana na fujo la viungo, fanya kama Arjuna, tafuta mkono. Ukiuona na ua lake, umemaliza kazi. Kwenye kufuma kwa mafundo ule mkono unakuwa vidato vinne vitano tu, mara ya kwanza mi niliuona nikadhani ni kasoro ya uzi.

Hatua ya 4: mtego wa kioo

Ndege mwenye vichwa viwili anaitwa gandabherunda. Watamil kwenye sari za Kanchipuram wanamwita iruthalai pakshi, yani ndege wa vichwa viwili basi. Ana nguvu kiasi kwamba kuna michoro ananyanyua tembo kwa midomo na kucha kama kunguru na dagaa. Mfalme Achyuta Deva Raya wa Vijayanagara, dola ya zamani ya kusini mwa India, karne ya 16, alimpiga kwenye sarafu zake, watawala wa Mysore wakamfanya nembo, na leo yuko kwenye nembo ya jimbo la Karnataka.

Sasa shida. Wafumaji wanapenda kugeuza mchoro kama kwenye kioo, nusu ya kulia ni nakala ya nusu ya kushoto. Tausi wawili wakipeana migongo na mikia ikagusana, kwa mbali unaona ndege mmoja mwenye vichwa viwili. Wauzaji wa mtandaoni wanafurahi sana hapo, bei inapanda. Kipimo ni hiki: ziba kichwa kimoja kwa kidole, au kata picha katikati kwenye simu. Kama nusu iliyobaki ni ndege mzima mwenye miguu yake miwili na mkia wake, ni ndege wawili. Kama nusu iliyobaki ina mguu mmoja, bawa moja na nusu ya mkia, hapo kuna mwili mmoja kweli na unaweza kumwita gandabherunda.

Na hata hapo subiri. Kule Bengal, bandari ya Satgaon, karne ya 16 na 17 walikuwa wanatarizi mashuka makubwa kwa hariri ya porini ya rangi ya dhahabu, kwa oda ya Wareno. Humo utakuta nguva, utakuta ndege mwari anajidonoa kifua alishe watoto kwa damu yake, utakuta hata Hercules, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki, na mambo ya Biblia, na pia tai wa vichwa viwili. Huyo tai anaweza kuwa wa ukoo wa Habsburg, waliotawala Ureno 1580 mpaka 1640, haohao ambao enzi yao ndo Fort Jesus ilijengwa Mombasa. Mkono ni wa Mbengali, hariri ni ya India, ila ndege ana pasipoti ya Ulaya. Jirani zake ndo watakuambia, nguva na Hercules wakiwa pembeni usiende kutafuta hadithi ya Mysore.

Hatua ya 5: soma tukio zima

Mnyama akiwa peke yake ni nembo au pambo. Akiwa na watu wanamfanyia kitu, ni hadithi, na mtu aliye naye anakupa jina. Mfano bora kabisa ninaoujua ni hariri za Assam zinazoitwa Vrindavani Vastra, yani nguo ya Vrindavan, kijiji cha utoto wa mungu Krishna. Mtakatifu wao Sankardev, aliyefariki 1568, ndo anatajwa kwamba alisimamia ya kwanza kwa ajili ya Chilarai, ndugu wa mfalme wa Koch. Zilizobaki leo ni za baadaye kidogo. Iliyo maarufu iko British Museum, London, ni ya kama 1680, ina urefu wa zaidi ya mita 9 na imeunganishwa kwa vipande 12. Ilisafiri kutoka Assam mpaka Tibet, ikatundikwa kwenye monasteri ya Wabudha, afu mwandishi wa gazeti la Times, Perceval Landon, aliyeambatana na msafara wa kijeshi wa Waingereza 1903 na 1904, akaondoka nayo. Neno gani utumie hapo kwa "akaondoka nayo" nakuachia wewe.

Kufuma kwake ni kwa mitande miwili, mmoja unashika ardhi ya kitambaa na mwingine unashikilia nyuzi za mchoro, kwahiyo kila tukio linajirudia safu kwa safu. Ukizoea safu moja umezisoma zote. Mtu anapasua mdomo wa ndege mkubwa kuliko yeye: huyo ni Krishna na ndege ni Bakasura, jini aliyejigeuza korongo akammeza, Krishna akamchoma koo mpaka akamtema, afu akamshika midomo miwili akaichana kama unavyochana unyasi. Mtu anacheza juu ya nyoka: Krishna na Kaliya, nyoka aliyetia sumu mto Yamuna, na pale mtoni Krishna akamchezea kichwani mpaka akasalimu amri. Na kwenye kitambaa hichi kuna maandishi yaliyofumwa, maneno ya tamthilia ya Sankardev kuhusu huyohuyo Kaliya. Maandishi kwenye nguo ni zawadi, hata kama huyajui herufi zake yapige picha ya karibu, kuna mtu atayasoma.

Pia kumbuka maumbo ambayo Vishnu alishuka nayo duniani, maana yanatokea kwenye nguo za namna hii: mtu anayetoka kwenye mdomo wa samaki ni Matsya, anayetoka kwenye kobe ni Kurma, mwenye kichwa cha nguruwe pori ni Varaha, na mwenye kichwa cha simba akiwa kamlaza mtu mapajani anampasua tumbo ni Narasimha. Huyo wa mwisho ukimwona mara moja humsahau.

Hatua ya 6: jina la kwenye bango siyo ushahidi

Kuna mchoro wa patola unaitwa nari kunjar, yani mwanamke na tembo. Ukitafuta jina hilo mtandaoni utapata picha za ajabu, tembo ambaye mwili wake wote ni wanawake waliofungamana, mmoja ni mkonga, mmoja ni mguu, na Krishna kapanda juu. Huo ni mchezo wa wachoraji wa picha ndogo. Kwenye patola, nari kunjar ni mwanamke kwenye kibox chake na tembo kwenye kibox chake, wamepangwa zamu kwa zamu na kasuku. Jina moja, vitu viwili. Na ndo ulikuwa mchoro wa Ba, kwahiyo alikuwa na haki ya kucheka.

Upande wa pili wa bahari mambo yaligeuka. Patola zilisafirishwa kwa mamia ya miaka kwenda visiwa vya Indonesia, Wadachi wa VOC, ile kampuni yao ya biashara, nao wakaingia kwenye hiyo biashara, na kule zikawa vitu vya heshima, urithi wa ukoo, zinatolewa kwenye misiba na sherehe. Nyingi zilizofumwa kwa soko hilo zina tembo wakubwa wenye wapandaji na chui milia. Lakini mchoro wa kawaida wa maua ya miraba ndo ulioleta jambo: ulifananishwa na ngozi ya chatu, na kwa Kimalei chatu anaitwa ular petola, nyoka wa patola. Fundi wa Patan alifunga maua. Mvaaji kaona nyoka. Kwahiyo ukiandika maelezo, andika nani kaona nini, usichanganye.

Kwetu Waswahili usitafute sana, vitambaa vilivyokuja vingi vilichakaa au vilifumuliwa. Duarte Barbosa, Mreno wa mwanzoni mwa karne ya 16, kaandika jinsi wafanyabiashara wa Cambay, ndo Khambhat ya Gujarat, walivyoleta vitambaa Mombasa na Malindi, na kwamba Sofala walikuwa wanavifumua vya rangi wapate nyuzi za kufumia vyao wenyewe. Kilichopo ni kwenye masanduku ya akina Ba: patola za hapa na pale, na zaidi gharchola za harusi, hariri nyekundu yenye miraba ya zari na ndani ya kila mraba tembo, tausi au mwanamke anayecheza. Wanyama wa heri, siyo wa hadithi. Usimwambie bibi harusi kavaa joka.

Hatua ya 7: kadiria umri

Hapa nimewahi kulia. Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia kipande cha Baluchari, kasema karne ya 18, kina Ramayana, ile hadithi kuu ya Rama, mikuki, gari la farasi, ndege Jatayu kakatwa bawa. Nikalipa. Ilipofika nikaanza kusoma, na nilitakiwa nisome kwanza. Baluchar za zamani, za upande wa Murshidabad kule Bengal, zilipenda maisha ya mabwana: nawabu, yani mtawala wa kule, anavuta hookah, bibi ananusa ua, mzungu kwenye kiti, na baadaye hadi treni. Bwana Dubraj Das, fundi mkubwa wa mwisho wa zama zile, alikuwa anafuma jina lake kwenye sari. Sanaa ikafa, ikafufuliwa karne ya 20 kule Bishnupur, mji uliojaa mahekalu ya udongo wa kuchoma yenye picha za Ramayana na Mahabharata, na ndo hapo hadithi zikahamia kwenye sari. Kwahiyo Baluchari yenye kisa cha Ramayana, dhana yako ya kwanza iwe ni ya kisasa mpaka ithibitike vinginevyo. Yangu ilikuwa ya juzi tu. Nimeifanya pazia.

Dalili zingine ni rahisi. Treni ya kwanza ya abiria India ni ya 1853, Bombay kwenda Thane, kwahiyo nguo yenye treni haiwezi kuwa ya mapema kuliko hapo. Rangi za kemikali zilianza na mkemia wa Kiingereza, Perkin, 1856, kwahiyo zambarau au pinki inayopiga kelele inakupeleka baada ya mwaka huo. Zari ya kale ni utepe mwembamba wa fedha uliozungushwa kwenye uzi wa hariri na kupakwa dhahabu, ikichakaa inakuwa nyeusi nyeusi na ndani unaona hariri. Ya plastiki haiwi nyeusi, inakwanguka tu. Usichome uzi kujaribu, nimeona video za watu wanachoma uzi wa nguo ya miaka mia, roho inaniuma.

Hatua ya 8: linganisha, ila kwa kutafuta vizuri

Tovuti za British Museum, V&A ya London na Met ya New York zinakuruhusu kutafuta na kukuza picha mpaka uone uzi, bure. Ukitafuta "yali" pekee hutapata kitu, majina yanaandikwa kwa namna nyingi, jaribu yali, vyala, yaali. Gandabherunda kwa b na kwa bh. Patola na patolu, maana patolu ni moja na patola ni nyingi. Tafuta kwanza kwa mji na aina ya kufuma, mnyama mwishoni. Ukibahatika kufika Ahmedabad kuna Calico Museum, iliyoanzishwa 1949, weka nafasi mapema maana hawapokei watu kiholela.

Na usilinganishe na nguo tu. Hali ya hewa ya India inakula hariri, za kale sana zilizosalia nyingi zimetoka kwenye ubaridi wa Tibet au masanduku ya Indonesia. Kuta zimetunza zaidi: hekalu la Lepakshi kule Andhra, la karne ya 16, watu waliochorwa darini wamevaa vitambaa unavyoweza kuhesabu mistari yake, na Alchi kule Ladakh dari zenyewe zimechorwa kama vile zimetandikwa nguo.

Hatua ya 9: chora kwenye miraba

Mraba mmoja wa daftari ni doa moja la rangi. Anzia kona ya chini kushoto, panda juu, usikisie. Inachosha, mnyama mmoja ananichukua jioni mbili, lakini mkono unaona kitu ambacho jicho limekiruka. Nilivyochora tembo wa Ba ndo niligundua mmoja kati yao mkonga wake umepungua mraba mmoja, kumbe fundi aliteleza uzi mahali, zaidi ya miaka themanini iliyopita. Chini ya mchoro andika mji, aina ya kufuma, mahali kwenye nguo, viungo ulivyohesabu, na jina la mwisho kabisa, kwa penseli.

Hatua ya 10: irudishe ilale salama

Fua marikani mpya mara mbili itoke wanga, ianike mpaka ikauke kabisa, ndo uviringishe hariri yako ndani. Kuviringisha kwenye bomba lililofunikwa marikani ni bora kuliko kukunja, ukikosa nafasi kunja lakini kila miezi michache badilisha mstari wa mkunjo, hariri inavunjika palepale inapokunjwa siku zote. Nafthalini isiguse nguo wala zari. Mfuko wa nailoni hapana, unafuga unyevu, na kwa joto la pwani ukungu unamaliza kazi msimu mmoja wa masika. Usitundike kwenye hanga, uzito wake wenyewe unaichana.

Patola ya Ba nimemrudishia imeviringishwa hivyo, na kikaratasi pembeni: Patan, nari kunjar, tembo ni tembo. Akakisoma, akachukua penseli yangu, akaongeza jina la mama yake.